Jedwali moja la alama kwa wanafunzi 228: nilivyojifunza, nilipokosea na ninavyolitumia sasa

#1 – Mwanzisha uzi

Heshima kwenu, walimu wenzangu.

Nafundisha Jiografia kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata, mikondo minne kuanzia A hadi D, jumla wanafunzi 228, na pia ni mwalimu wa darasa la 2C. Kwa miaka tisa kumbukumbu zangu zote zilikaa ndani ya kaunta buku la kwaya tatu: alama za mazoezi, za majaribio ya kila mwezi, za nusu muhula na za mwisho wa muhula. Daftari hilo nililiheshimu na bado naliheshimu. Hata hivyo, kila ulipofika wakati wa kupeleka alama kwa mwalimu wa taaluma nilikesha siku tatu mfululizo nikijumlisha kwa kikokotoo, nikitafuta wastani na kupanga nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa 228, na bado asubuhi walikuja ofisini wanafunzi wawili au watatu na karatasi zao mkononi kunionyesha kwamba nimewapunja.

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu, nami nikapata kimoja. Wengi wetu tulivitumia kusomea vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na kufuatilia ujumbe wa WhatsApp. Mimi nilikifungua nikiwa na swali moja tu, kama kinaweza kuniondolea yale makesha matatu. Ninayoyaandika hapa ni majibu niliyoyapata kwa mihula minne, pamoja na kosa lililoniumiza sana, ili mwalimu anayeanza leo asipite pale nilipopita.

Jambo la kwanza, ambalo nilichelewa kulielewa, ni kwamba kifaa hakiji na mpangilio ndani yake. Nilidhani nikishaandika majina kwenye Excel, programu ya majedwali, mambo yatajipanga yenyewe. Nikafungua faili la mazoezi, faili la majaribio na faili la mahudhurio, na katika kila faili nikaandika majina upya. Mwanafunzi aliyekuwa na majina matatu kwenye faili la kwanza akawa na mawili kwenye la pili, na kwenye la tatu nikaandika lile tunalomwitia darasani. Penye Ramadhani nikaandika Ramadhan, penye Hussein nikaandika Huseni. Kwangu mimi ninayemfahamu, huyo ni mtoto mmoja. Kwa programu, hao ni watu watatu wasiojuana. Nilipotaka kuunganisha alama za muhula mzima, nilijikuta nalinganisha majina kwa kidole kama zamani, tofauti ikiwa tu kwamba sasa kidole kilikuwa juu ya kioo.

Dawa yake ilikuwa namba ya udahili, ile ambayo mwanafunzi hupewa siku anayopokelewa na haibadiliki hata akihamishwa mkondo. Nilitengeneza ukurasa mmoja nikauita Orodha Kuu, wenye namba, jina kamili, jinsi na mkondo. Kurasa nyingine zote, ziwe za mazoezi au za mitihani, huanza na namba tu, na jina huitwa kwa fomula ya VLOOKUP, ambayo huisoma namba, huitafuta kwenye Orodha Kuu na kurudi na jina linalolingana nayo. Nikisahihisha tahajia ya jina mahali pamoja, inasahihika kila mahali. Kuandaa orodha hiyo kulinichukua Jumamosi mbili nzima, nikiwa na kitabu cha udahili pembeni, na ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kuirudia tangu wakati huo. Mwalimu asiyekuwa tayari kuzitoa Jumamosi hizo mbili ningemshauri abaki na kaunta buku lake, maana atachoka mara mbili bila faida.

Sasa nieleze kosa lenyewe.

Katika muhula wa kwanza niliacha safu moja tupu kati ya majina na alama, kwa sababu niliona jedwali linapendeza na linasomeka vizuri zaidi. Siku ya kubandika matokeo ya mkondo C nilitaka majina yafuate alfabeti. Nikagusa safu ya majina, nikabofya kitufe cha kupanga A hadi Z, majina yakajipanga, nikachapisha karatasi na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Nisichokijua ni kwamba Excel huichukulia safu tupu kama ukuta: yaliyo upande huu ni jedwali moja, yaliyo upande ule ni jedwali jingine. Namba na majina yalihama pamoja, alama zikabaki palepale zilipokuwa, na programu haikunipa onyo lolote kwa sababu kwa upande wake hapakuwa na kosa. Darasa la watoto 57 likawa limevaa alama za wenzao, isipokuwa wachache ambao alfabeti haikuwahamisha.

Wakati wa mapumziko alikuja mlangoni binti mmoja mpole, anayekaa dawati la pili karibu na dirisha, ameshika karatasi yake ya jaribio. Juu ya karatasi, kwa kalamu yangu nyekundu, nilikuwa nimeandika 78. Kwenye ubao ilisomeka 31. Hakulalamika. Aliuliza tu kama niliipitia karatasi yake mara ya pili nikaona amekosea zaidi. Swali lile halijanitoka mpaka leo, kwa sababu mtoto alikuwa tayari kuamini kwamba karatasi iliyochapwa inajua kuliko kalamu ya mwalimu wake, na laiti asingekuja, ningeyapeleka matokeo yale kwa mwalimu wa taaluma na wazazi wangesomewa uongo wenye sahihi yangu.

Niliyabandua matokeo, nikaingia darasani nikawaomba radhi wote, kisha nikaziingiza alama upya kutoka kwenye kaunta buku. Bila daftari lile nisingekuwa na pa kurudi. Tangu siku hiyo jedwali langu halina safu tupu hata moja. Nikitaka nafasi kwa ajili ya macho, napanua safu iliyopo. Kabla ya kupanga chochote, nachagua jedwali lote kuanzia kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho, na baada ya kupanga nachukua majina matatu bila kuchagua, mmoja wa juu, mmoja wa katikati na mmoja wa chini, nikalinganisha na daftari. Ukaguzi huo hauzidi dakika mbili.

Kosa la pili lilikuwa la kimyakimya zaidi, nami naamini walimu wengi wanalo bila kujua. Mwanafunzi asipofanya jaribio, unaandika nini? Mimi nilikuwa naandika 0. Sasa mchukue mtoto aliyepata 60 na 70, jaribio la tatu akawa amelazwa. Ukiacha kisanduku wazi au ukiandika herufi X, fomula ya AVERAGE hukiruka kisanduku hicho na kukupa wastani wa 65. Ukiandika 0, fomula huamini kwamba mtoto alifanya jaribio akakosa kila kitu, na wastani unakuwa 43. Kwa madaraja tunayoyatumia sekondari, 65 ni B na 43 ni D. Yaani malaria ya wiki moja inamshusha mtoto kutoka B hadi D, naye hajui kwa nini, na mwalimu pia hajui. Kwenye daftari nilikuwa nikiweka kistari, na akili yangu ilikielewa. Programu inahitaji uamuzi ulioandikwa. Siku hizi X ni kwa asiyekuwepo, 0 ni kwa aliyekuwepo akapata sifuri, na hazichanganyiki.

Makesha yalikwisha, hilo ni kweli, lakini faida kubwa niliipata mahali nisipopatarajia, kwenye mahudhurio. Kitabu cha mahudhurio cha darasa kina safu za Jumatatu hadi Ijumaa, na nimekijaza kwa uaminifu miaka yote, nikijumlisha kwa mwezi kama inavyotakiwa. Nilipoyaingiza mahudhurio ya muhula mmoja kwenye jedwali, aliyekuwepo 1 na asiyekuwepo 0, nikaziomba jumla kwa siku badala ya kwa mwezi, nikaona Alhamisi imezama. Wanafunzi 11 wa darasa langu walikuwa wamekosa Alhamisi nyingi kuliko siku nyingine zote za wiki zikijumlishwa. Alhamisi ni siku ya mnada katika kata yetu. Nilikuwa napita katikati ya mnada huo nikirudi nyumbani, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Ubaya zaidi, Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa natoa majaribio yangu ya kila mwezi.

Majaribio nimeyahamishia Jumanne. Nikazungumza na wazazi wa wale 11 mmoja mmoja, wengi wao wakiwa ni akina mama wanaouza dagaa na nguo za mitumba, wanaomhitaji mtoto abebe mizigo alfajiri. Watano sasa wanasaidia kupanga bidhaa na kuwahi kipindi cha kwanza au cha pili. Sita bado hali yao haijabadilika, na mkuu wa shule analifahamu suala lao. Taarifa zote hizo zilikuwemo kwenye kitabu tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba ukurasa wa kitabu hauwezi kugeuzwa ukasomwa kwa upande mwingine, na jedwali linaweza.

Kuhusu azimio la kazi sitasema mengi. Nimelipanga kwa wiki katika jedwali lenye mada, vipindi vinavyotakiwa, vipindi vilivyofundishwa na sababu ya pengo. Mwaka wa masomo una siku 194 kwenye karatasi, lakini mwalimu anajua zinazoliwa na michezo, mitihani ya wilaya, mahafali na mvua. Ile safu ya sababu ya pengo imenisaidia sana kujieleza kwa mdhibiti ubora wa shule bila kubabaika.

Andalio la somo sijalihamisha na sina mpango wa kulihamisha. Naliandika kwa mkono kwa sababu ninapoandika ndipo ninapofikiri nitaanzaje, nitauliza nini, na nani nitamwita ubaoni.

#2 – Mwalimu wa shule ya msingi

Asante sana, mwalimu, kwa uzi wenye manufaa. Nimesoma mpaka mwisho, na lile jambo la sifuri limenishtua, kwa sababu ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Nafundisha Hisabati darasa la tano, wanafunzi 94 katika chumba kimoja. Kishikwambi nilichogawiwa kioo chake kimevunjika, na kompyuta ya shule iko ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilichonacho ni simu yangu. Naomba unisaidie mambo mawili. Je, kazi hii inawezekana kwenye simu bila kuwa na bando kila wakati? Na je, nifanyeje nisikosee ninapoandika namba nyingi kwenye kioo kidogo, hasa usiku nikiwa nimechoka?

#3 – Mwanzisha uzi

Mwalimu mwenzangu, inawezekana, na nimeshawahi kuifanya hivyo kwa muhula mzima wakati chaja ya kishikwambi changu ilipoharibika.

Tumia Google Sheets, programu ya majedwali kama Excel. Siku ukiwa na bando, fungua faili lako na uliwekee alama ya kupatikana bila intaneti. Kuanzia hapo utaandika ukiwa nyumbani, darasani au kwenye daladala, na siku simu itakapopata mtandao mabadiliko yatapanda yenyewe. Angalizo moja tu: usilihariri faili hilohilo kwenye kifaa kingine kabla simu haijapata mtandao na kupandisha uliyoyaandika. Jedwali la wanafunzi 94 ni jepesi mno kuliko picha moja ya simu, hivyo bando linalohitajika ni dogo kabisa.

Kwa kuwa kioo ni kidogo, gandisha mstari wa juu wenye vichwa na safu za kwanza zenye namba na jina, ili ukisogea kulia au kushuka chini bado uone unamwandikia nani na katika jaribio lipi. Asipogandisha, mtu anayefika mwanafunzi wa 60 huwa hajui tena yuko safu gani.

Kuhusu makosa ya kuandika, omba nafasi ya nusu saa kwenye ile kompyuta ya mwalimu mkuu, mara moja tu, uweke sharti kwamba safu za alama zipokee namba kati ya 0 na 100. Ukiandika 710 badala ya 71, au herufi O badala ya sifuri, utaonywa papo hapo. Chagua onyo, usichague kukataa kabisa, kwa sababu ile X ya asiyekuwepo nayo si namba na ingekataliwa.

Lakini 17 badala ya 71 haiwezi kukamatwa na sharti lolote, maana zote mbili ni alama halali. Kwa hilo natumia njia ya zamani ya watunza hesabu. Nagawa karatasi katika mafungu ya 20. Kila fungu nalijumlisha kwanza kwa kikokotoo nikisoma karatasi zenyewe, naandika jumla kwenye kipande cha karatasi, halafu naingiza alama kwenye jedwali na kuangalia jumla ya programu. Zikilingana, naendelea. Zisipolingana, natafuta kosa ndani ya watoto 20 na si ndani ya 94. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, kama ilivyo kati ya 71 na 17 ambapo tofauti ni 54, kwa kawaida ni tarakimu zilizopinduka, nawe utaliona haraka.

Kama una mwalimu jirani anayekubali, asome yeye kwa sauti na wewe uandike, kisha mbadilishane. Mwanafunzi usimpe kazi hiyo, hata awe mwaminifu kiasi gani.

#4 – Mwalimu mkongwe

Nimefundisha miaka 31 na nimebakiza miwili nistaafu. Kijana, umeandika kwa adabu na kwa uwazi, nami nitasema yangu kwa moyo uleule. Mwalimu wa leo anajaza kitabu cha mahudhurio, shajara ya somo, azimio, andalio, na bado anaingiza taarifa zilezile kwenye mifumo inayotakiwa na ngazi za juu. Wewe unamwongezea jedwali lake binafsi. Huoni kwamba jambo moja linaandikwa mara tatu? Nimeshuhudia mwenzangu akipoteza muhula mzima kwa sababu ya flashi iliyoingia virusi, na hakuwa na daftari. La mwisho, hayo majedwali nayaona yakirushwa kwenye makundi ya wazazi, majina na alama za watoto wote hadharani, aliyeshika mkia akisomwa na mtaa mzima. Hilo haliniingii akilini.

#5 – Mwanzisha uzi

Shikamoo, mwalimu wangu. Nashukuru kwa kuyasema haya, na mengi nakubaliana nawe.

Kazi maradufu ipo, na sitaki kumdanganya mtu kwamba jedwali linaiondoa. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa upande wangu daftari ndilo la kwanza, jedwali ni la pili, na kila kingine kinachotakiwa nakitoa kwenye jedwali bila kuhesabu upya. Mwalimu wa taaluma akitaka idadi ya wavulana na wasichana waliopata chini ya 30, fomula ya COUNTIFS, ambayo huhesabu wanaotimiza masharti niliyoyaweka, inanipa kabla hajakaa. Zamani ombi kama hilo lilinigharimu mchana mzima. Kwa hiyo kuandika kumeongezeka kidogo, na kuhesabu kumekwisha. Mwalimu ambaye hesabu zake ni za wanafunzi 30 pengine hatauona unafuu huo, nami nisingemlazimisha.

Kuhusu flashi, umesema kweli tupu. Mimi huhifadhi mahali patatu: kwenye kishikwambi, kwenye Google Drive ambayo hutoa GB 15 bila malipo, na kwenye karatasi iliyochapishwa kila mwisho wa mwezi na kubandikwa ndani ya kaunta buku kwa gundi. Flashi natumia kubebea faili kwenda kwenye printa tu. Majina ya mafaili huyaanza kwa tarehe, mwaka ukitangulia, mfano 2025-03-14 Jiografia 2C, ili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Kabla ya hapo nilikuwa na mafaili yaitwayo mwisho, mwisho kabisa, na mwisho mpya, na siku moja nilichapisha lisilo sahihi.

Na hilo la makundi ya wazazi, mwalimu, ni zito kuliko tunavyolichukulia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini hata isingekuwepo, mtoto wa miaka 14 anayetembea sokoni akijua kila muuza nyanya ameiona alama yake ya 12 hawezi kuinua mkono darasani Jumatatu. Mimi mwenyewe nilibandika majina na alama ubaoni kwa miaka mingi kwa kuwa ndivyo tulivyokuta. Tangu mwaka jana, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, matokeo ya majaribio yangu nayabandika kwa namba za udahili, na mzazi anayetaka ya mwanawe anapigiwa simu au anapewa karatasi yenye mstari mmoja. Faili lina nywila, na kishikwambi hakichezewi na watoto wangu nyumbani.

Walimu kadhaa wameniandikia pembeni wakiomba faili lenyewe. Sitatuma hili ninalolitumia, kwa sababu lina majina ya watoto 228. Jumamosi nitakaa nitengeneze nakala tupu yenye Orodha Kuu, ukurasa wa majaribio, ukurasa wa mahudhurio wenye jumla kwa siku ya wiki, na azimio la kazi, fomula zikiwa tayari ndani yake, kisha nitaiweka hapa chini. Nitaijaribu kwanza kwa majina ya miti.